Ukuta wa Nyumba Si Uzio wa Bwawa: Mwongozo kwa Mwenye Bwawa la Kuogelea Nyumbani

Ukipita mitaa ya Mbezi Beach, Masaki, Nyali au Karen utaona kuta. Zinakwenda juu hadi mita mbili na zaidi, juu yake nyaya za umeme au vigae vya chupa, kisha geti la chuma, mlinzi na mbwa. Mwizi kaandaliwa mapokezi ya kutosha. Nyuma ya ukuta huo kuna bwawa la kuogelea lililo wazi, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, na mtoto wa miaka miwili hahitaji kuruka chochote ili alifikie. Yeye tayari yuko ndani.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Uzio wa bwawa ni kizuizi kati ya maji na nyumba yenyewe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinasema uzio wa pande nne unaolitenga bwawa na nyumba, wenye geti linalojifunga lenyewe, huzuia zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wadogo kwenye mabwawa ya kuogelea. Na Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kabla ya fundi kuitwa: mtoto anavyozama

Tuna methali isemayo mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima aliyepinduka na ngalawa inaweza kuwa kweli. Kwa mtoto mdogo, methali hii inapotosha. Mtoto wa miaka 1 hadi 4 huzama kimya. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, mdomo uko chini ya maji, na asiyepata pumzi hawezi kupiga ukelele. Dakika moja au mbili zatosha kumpoteza fahamu, na chache zaidi zatosha kuharibu ubongo. Huo ni muda wa kupokea simu, au wa kugeuza chapati mbili.

Tena mara nyingi haitokei wakati wa kuogelea. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilichunguza ajali za watoto kwenye mabwawa ya nyumbani huko Arizona, California na Florida, ikakuta kwamba wengi walikuwa hawajaonekana kwa dakika 5 au pungufu, na wengi hawakutarajiwa kabisa kuwa karibu na bwawa. Walikuwa wamevaa nguo za kawaida. Waliaminika kuwa chumbani, au wanaangalia katuni. Kwa hiyo mzazi anayesema "mimi huwa nawaangalia wakiogelea" anajibu swali ambalo halijaulizwa.

Hatua ya 1: Zunguka kiwanja ukiwa umechuchumaa

Chuchumaa mpaka macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto, kisha zunguka kiwanja chote ukitafuta maji. Usianze na bwawa, anza na tangi la chini ya ardhi. Kwa jinsi maji ya bomba yanavyokuja kwa zamu, nyumba nyingi zina shimo la zege la lita elfu kumi au zaidi, na mfuniko wake ni bati lililowekewa jiwe juu. Mfuniko huo uwe wa chuma kizito au zege, wenye bawaba na kufuli, na ufunguo usining'inizwe hapo hapo. Kisha tazama karo la maji machafu, pipa la kukingia mvua, na ndoo ya kufulia iliyoachwa bafuni. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kufa kwenye ndoo, akiinama kichwa kikatangulia asiweze kujinyanyua.

Bwawa ambalo bado linajengwa ni hatari kuliko lililokamilika. Shimo limechimbwa, fedha zimekata, fundi kaondoka, masika yameingia. Maji yamejaa hadi kifuani, rangi ya chai ya maziwa, na kingo zinateleza. Uzio wa muda wa mabanzi na seng'enge uwekwe siku jembe la kwanza linapoingia. Hali kadhalika bwawa la zamani lisilotumika ambalo limegeuka kijani: ama litunzwe, ama lifukiwe. Kulitoa maji tu hakusaidii, mvua italijaza.

Hatua ya 2: Chora mstari wa uzio

Hapa kuna nafuu ya mfuko. Ukuta wa kiwanja chako, ukiwa na mita 1.8 au zaidi na hauna kitu cha kupandia, unaweza kuhesabiwa kuwa upande mmoja wa uzio wa bwawa, hata pande mbili au tatu bwawa likiwa konani. Unachokosa ni ule upande unaotazama nyumba. Ndio upande wenye gharama ndogo, na ndio ambao watu hawaujengi, kwa sababu unaharibu mandhari ya kutoka sebuleni.

Mstari upite mahali ambapo hakuna mlango wa nyumba unaofunguka moja kwa moja kwenye eneo la bwawa. Kama baraza lako limejengwa hadi ukingoni mwa maji na uzio hauwezekani kabisa, basi kila mlango wa upande huo uwekewe springi ya kuurudisha na komeo lililo juu, mita 1.5 kutoka sakafuni, na kila dirisha lizuiwe lisifunguke zaidi ya sentimita 10. Hilo ni chaguo la pili kwa ubora, na lina udhaifu ambao kila mwenye nyumba anaujua: mlango wa baraza hushinda wazi kwa ajili ya upepo.

Ndani ya eneo la bwawa yabaki mambo ya bwawa tu. Kamba ya kuanikia nguo, jiko la nyama choma, bembea, banda la sungura, na hasa njia ya kwenda choo cha nje au chumba cha mlinzi, vyote vihamishwe. Geti linalopitwa mara ishirini kwa siku haliwezi kubaki limefungwa.

Hatua ya 3: Vipimo

Vipimo hivi nimevichukua kwenye kanuni ya Australia, AS 1926.1, kwa sababu imeandikwa wazi kuliko nyingi na imejaribiwa kwa miaka mingi na watoto wakorofi. Kimo cha mtoto wa miaka mitatu ni kile kile Brisbane na Tabata.

Urefu wa uzio ni sentimita 120 au zaidi, ukipimwa upande wa nje, pale mtoto anaposimama. Kama kuna kitalu cha maua kilichoinuliwa kando ya uzio, pima kuanzia juu ya kitalu. Nafasi kati ya fito za wima isizidi sentimita 10. Kata kipande cha ubao chenye upana huo, pita nacho uzio mzima. Pale kinapopenya kwa ulaini, fito iongezwe. Nafasi ya chini pia isizidi sentimita 10, na hapa mvua zetu ni adui. Leo umeacha sentimita 8, masika ikipita udongo umeondoka na nafasi imekuwa 20. Mbwa naye huongeza zake. Mwaga mkanda mwembamba wa zege chini ya uzio na hilo limekwisha.

Vyuma vya kulala ndivyo ngazi ya mtoto. Kati ya chuma cha chini na cha juu pawe na sentimita 90 au zaidi, asipate pa kukanyaga katikati. Sasa, mafundi wetu wa kuchomelea wanapenda maua. Umeagiza uzio ulionyooka, unaletewa wenye mizunguko, mioyo na nyota katikati, na yeye mwenyewe anasimama kando akisubiri sifa. Kila ua ni kidaraja. Mwambie mapema, kabla hajakata chuma: fito za wima tupu. Vivyo hivyo matofali ya matundu, yale tunayopenda kwa sababu yanapitisha upepo. Kwa mtoto wa miaka minne huo ni ukuta wa kupanda, uliochongwa kwa kipimo cha vidole vyake.

Na seng'enge ya matundu? Kanuni ya Australia inasema wavu wenye matundu yanayozidi milimita 13 uwe na kimo cha mita 1.8, maana kidole cha mguu kinaingia. Ukilazimika kutumia seng'enge kwa sababu ya bei, basi peleka urefu huko.

Hatua ya 4: Geti

Kama fedha ni chache, punguza kwingine, usipunguze kwenye geti. Uzio mzuri wenye geti baya hauna kazi.

Geti lifunguke kuelekea nje, mbali na maji. Sababu ni nyepesi: mtoto husukuma. Komeo likiwa halikushika vizuri, akisukuma geti linalofunguka nje analifunga zaidi; likifunguka ndani anaingia. Nimeshaona geti jipya, zuri, rangi bado inanuka, limefungwa kinyume kwa sababu fundi aliona "linapendeza likiingia ndani". Ililazimu kuchomoa nguzo.

Lijirudishe lenyewe na lijikomee lenyewe. Kuna bawaba zenye springi, na kuna bawaba za mteremko ambazo geti likifunguliwa huinuka kidogo, kisha uzito wake unalirudisha. Kwa watu wa pwani napendelea hizi za pili, kwa kuwa chumvi ya bahari hula springi haraka. Jaribio ni hili: lifungue nusu, liachie. Lifungue lote, liachie. Mwisho liegemeze tu kwenye komeo, kama sentimita moja kutoka kufunga, uliachie. Mara zote tatu linapaswa kujikomea bila kuguswa. Ukilazimika kulisaidia hata mara moja, halijapita.

Mkono wa kufungulia uwe mita 1.5 kutoka chini. Mtu mzima anafika bila taabu, mtoto wa chekechea hafiki hata akisimama juu ya ndara za babake. Kufuli ni nyongeza ya pale mnaposafiri. Haichukui nafasi ya komeo, kwa sababu kufuli hutegemea mtu akumbuke.

Na adui mkuu wa geti la bwawa Afrika Mashariki ni tofali. Siku ya sherehe vyakula vinapita, viti vinapita, mtu anasema "hebu liwekee tofali lisisumbue". Tofali linabaki hadi kesho yake. Mwenye nyumba ndiye pekee anayeweza kulipiga marufuku, na alipige marufuku kwa kila mtu, akiwamo shemeji yake.

Hatua ya 5: Ondoa ngazi zisizoitwa ngazi

Nje ya uzio, acha nafasi ya sentimita 90 isiyo na kitu cha kupandia. Viti vya plastiki ndivyo wahalifu wa kwanza, kwa sababu mtoto anaweza kukiburuta mwenyewe. Kisha vyungu vya maua, kreti za soda, sanduku la umeme wa pampu, tangi dogo la maji, tawi la mwembe, kiyoyozi cha nje. Kwenye sehemu inayotumia ukuta wa kiwanja, angalia lundo la mchanga au matofali lililosalia baada ya ujenzi. Kila baada ya wageni zunguka tena.

Mengine kuhusu kizuizi nitayataja haraka. Turubai jepesi la kuzuia majani na lile la mapovu la kutunza joto si kinga. Mtoto akilikanyaga linamkunja na kumficha. Mfuniko wa usalama uliovutwa na kufungwa kando zote ni kitu kingine, na unafaa kama nyongeza. Kengele ya majini nayo ni nyongeza, maana inalia mtoto akiwa ameshaingia. Midoli yote itolewe majini kila mkimaliza. Bata wa plastiki anayeelea ni mwito.

Sheria: hapa kwetu na ughaibuni

Kwenye ramani mnayopeleka halmashauri au kaunti kuombea kibali cha ujenzi, mwambie mchoraji aonyeshe bwawa pamoja na uzio wake na geti, vyenye vipimo. Kikishakuwa kwenye ramani kinaingia kwenye makadirio ya gharama. Kikiachwa kuwa "tutaweka baadaye", baadaye haifiki. Kwa Kenya, kumbuka pia ile sheria ya dhima ya wakaaji wa majengo, Sura ya 34. Inamtaka mwenye kukalia jengo awe na uangalifu kwa wanaoingia kwa halali, na inamwambia wazi atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Wenye nyumba za kupangisha wageni Nyali na Diani wasome sentensi hiyo mara mbili.

Kwa ndugu zetu waliohamia Australia, wakiwamo Wakongomani na Warundi wengi wa Brisbane, Perth na Melbourne, mambo ni makali zaidi na mara nyingi yanawashtua. Katika majimbo kama New South Wales, Queensland na Victoria, bwawa lolote linaloweza kujaa maji zaidi ya sentimita 30 linahitaji uzio, na huko New South Wales na Queensland hilo linahusu hata lile la kupuliza upepo ulilowanunulia watoto dukani siku ya joto. Bwawa husajiliwa. New South Wales huwezi kuuza wala kupangisha nyumba yenye bwawa bila hati za ukaguzi kuambatana na mkataba, na cheti cha kukidhi kanuni hudumu miaka 3. Victoria na Western Australia ukaguzi ni kila miaka 4. Mpangaji asidhani ni shauri la mwenye nyumba peke yake: ukiweka kiti kando ya uzio, umeuharibu wewe.

New Zealand ilipitisha sheria yake ya kwanza ya uzio wa mabwawa mwaka 1987 na kuibadilisha 2016. Sasa halmashauri hukagua kila miaka 3, kwa mabwawa yanayoweza kufikia kina cha sentimita 40. Ufaransa, chini ya sheria ya tarehe 3 Januari 2003, mwenye bwawa lililochimbwa ardhini huchagua kimoja kati ya vinne: uzio, kengele, mfuniko au kibanda kinacholifunika bwawa lote, na asiyeweka chochote anaweza kutozwa faini hadi yuro 45,000. Binafsi naona Wafaransa wamelegeza mno kwa kuilinganisha kengele na uzio. Marekani hakuna sheria moja ya taifa kuhusu uzio. Uliza mji au kaunti yako, ingawa futi 4 na geti la kujifunga ndicho kipimo utakachokutana nacho mara nyingi.

Hatua ya 6: Yaliyo chini ya maji

Tundu la kufyonza maji lililo chini ya bwawa lina nguvu ambayo watu hawaiwazii. Mwaka 2002 Virginia Graeme Baker, msichana wa miaka 7 na mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker, alinaswa na mfyonzo wa beseni la maji moto. Mama yake alimvuta akashindwa kumbandua. Desemba 2007 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, ikilazimisha vifuniko maalumu kwenye mabwawa ya umma.

Kwa bwawa lako: kifuniko cha tundu kiwe cha mbinuko, si bapa, na kimekazwa kwa skrubu. Kama bwawa halijajengwa, dai matundu mawili yaliyopishana kwa karibu mita moja au zaidi, yaliyounganishwa kwenye pampu moja, ili moja likizibwa na mwili jingine liendelee kuvuta. Kifuniko kikivunjika au kupotea, hakuna anayeingia majini mpaka kibadilishwe. Nywele ndefu zifungwe. Swichi ya pampu iandikwe kwa rangi kubwa ZIMA HAPA, na kila mtu mzima wa nyumbani aijue ilipo.

Maji yenyewe yawe angavu kiasi kwamba ukisimama ukingoni unaliona tundu hilo kwenye kina kirefu kabisa. Usipoliona, mtu aliyezama naye hutamwona. Kina kiandikwe ukingoni, na pale sakafu inapoanza kushuka ghafla pitisha kamba yenye maboya. Kutumbukia kichwa mbele kwenye maji ya chini ya mita 2.7 kumewavunja shingo vijana wengi; mabwawa mengi ya nyumbani hayafiki kina hicho, kwa hiyo kanuni fupi ni: miguu kwanza, siku zote. Wapige marufuku pia mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Mwogeleaji hodari anaweza kuzirai humo bila dalili.

Hatua ya 7: Umeme na dawa

Soketi isiwe ndani ya mita 3.5 kutoka ukingoni. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na transfoma yake ikae mbali na bwawa. Saketi nzima ya pampu na taa ilindwe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, cha miliampia 30, na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ipimwe na fundi mwenye leseni. Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze kila mwezi. Spika kubwa ya muziki iliyochomekwa kwenye ekstensheni na kuwekwa kando ya maji ni jambo la kawaida sana kwenye sherehe zetu, na ni la kukataliwa mlangoni. Umeme ukikatika usiku, wote watoke majini papo hapo hata kama jenereta itawaka baada ya dakika.

Dawa za bwawa zikae kwenye stoo yenye hewa, iliyofungwa, kila moja katika chombo chake cha awali. Asidi iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ni msiba unaosubiri mtu mwenye kiu. Usichanganye klorini na asidi, wala aina mbili za klorini, hata kwa kutumia kopo moja bila kulisafisha. Dawa ndiyo hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa. Klorini ikae kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8.

Hatua ya 8: Nani anaangalia?

Uzio hufanya kazi mnapokuwa ndani ya nyumba. Mkiwa ndani ya uzio kazi ni ya mtu. Awe mtu mzima, anajua kuogelea, hajanywa, simu kaiweka kando. Kwa watoto wasiojua kuogelea awe majini pamoja nao, umbali wa kunyoosha mkono.

Hapa kuna jambo tunaloliona aibu kulisema. Nyumba nyingi zenye bwawa humwachia watoto dada wa kazi, binti aliyekulia bara ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Hajaulizwa kama anajua kuogelea, na yeye hawezi kumwambia bosi wake hapana. Basi mwenye nyumba aseme mwenyewe: wewe si mwokoaji, bila mimi au mama hakuna anayevuka geti lile, na wakilia waache walie. Aseme hayo mbele ya watoto wenyewe. Mlinzi naye aambiwe hivyo hivyo. Kisha, ukiweza, walipie mafunzo ya kuogelea. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima, kwa hiyo hoja ya vazi haina nguvu tena.

Kwenye sherehe ya watoto watu wazima huwa thelathini na mwangalizi hakuna, kwani kila mmoja anamdhania mwenzake. Teua mmoja kwa jina, mvishe kofia nyekundu, baada ya dakika 15 amkabidhi mwingine kofia hiyo mkononi. Asiye na kofia apige soga. Maboya ya mikononi ya kupuliza ni mchezo, si kinga. Jaketi la kuokolea lililothibitishwa ndilo kinga, nalo haliondoi mwangalizi.

Hatua ya 9: Vifaa vya kuokolea, na la kufanya

Ukutani ndani ya uzio, ning'iniza boya lenye kamba na upondo mrefu wa aluminiamu wenye kitanzi. Huna boya? Dumu la lita 20, tupu, mfuniko umekazwa, limefungwa kamba ya mita 10, humwelesha mtu mzima vizuri kabisa. Kandoni bandika namba: Tanzania 114 ya zimamoto na uokoaji au 112, Kenya 999 au 112. Andika na maelekezo ya kufika kwako, maana aliyechanganyikiwa husahau hata jina la mtaa wake.

Mtoto akikosekana, kimbilia majini kwanza. Chumbani, chini ya kitanda na kwa jirani patafutwe baadaye.

Mtu mzima anayetapatapa usimfuate kwa kuogelea kama hukufundishwa, atakushika mzame wote. Lala kifudifudi ukingoni, mpe upondo au mtupie dumu. Mtoto mdogo mtoe mara moja.

Akishatoka, mlaze chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu, usimkandamize tumbo, usimlaze juu ya tairi ili "atapike maji". Hayo huchelewesha hewa, na hewa ndiyo anayoihitaji. Mwite, mtikise bega. Kama hajibu na hapumui sawasawa, mtu mwingine apige simu na wewe uanze:

- Inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka uone kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga funika pua na mdomo pamoja kwa mdomo wako.
- Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua.
- Pumzi 2, kisha 30 tena, mfululizo bila kusimama.
- Kama uko peke yako, fanya hivyo dakika moja ndipo upige simu, ukiweka spika na kuendelea.

Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea. Akitapika mgeuze ubavu, safisha, rudi. Usiache mpaka apumue, wahudumu wafike, au nguvu zikuishie kabisa.

Akizinduka mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ameanza kuzungumza na kuomba juisi. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye, usiku, wakati nyumba nzima imelala ikidhani yamekwisha.